Betri Mpya na Betri ya Kuchoka
Ndani ya taksi-basi ya kwenda machimbo ya Kamatanda, mchimbaji kijana alitia betri mbili katika tochi yake: moja mpya, nyingine aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu. Fundi wa redio aliyeketi kando yake akasema, “Mwana yangu, usichanganye. Ile ya kuchoka itapata moto, itapasuka.” Kijana akacheka. “Papa, weye unauzisha betri? Miye nataka mwangaza tu.” “Mu shimo unashika tochi namna gani?” “Na meno. Mikono iko na kazi.” “Basi itapasukia mu kinywa yako.”

Mimi niliyeketi mbele yao nikayatazama meno yale. Mungu alimpa yote, meupe. Nikamwombea kimoyomoyo. “Na bila tochi, papa, watoto watakula nini?” Gari likasimama. Kijana akakumbatia gunia lake kwa mikono miwili, akashuka, tochi ikiwa menoni.