Mzee Wycliffe Wamalwa, Fundi Aliyetuvusha Mto wa Mawe

Mzee Wycliffe Wamalwa alizaliwa tarehe 12 Aprili 1961 kule Chwele, Bungoma, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wekesa na Mama Nasimiyu. Mamake alizoea kusimulia kwamba huyu hakulia alipozaliwa. Alitazama tu huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu cha kutengeneza.

Alisoma shule ya msingi hapo Chwele hadi darasa la saba, mwaka 1975, kisha akajifunza umakanika katika chuo cha ufundi kijijini.

Mwaka 1980 alifika Ruiru kutengeneza trekta za shamba la kahawa. Hapo ndipo alipokutana na Viola Akoth, mpishi wa shamba, ambaye alimkataa mpaka aoshe grisi mikononi. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986, wakajaliwa Carolyne, Calvince na Dianah.

Mwaka 1989 aliajiriwa na Bwana Kuldip Singh katika gereji yake mjini Thika, akadumu humo hadi alipostaafu mwaka 2021. Wateja wote waliijua desturi yake: gari likitoka kutengenezwa stelingi, yaani usukani, abiria wa kwanza alikuwa mkewe. Alisema fundi anayeogopa kumpakia mke wake hana ruhusa ya kumrudishia mtu ufunguo.

Wengi mliofika leo mnaukumbuka mwaka 2011. Familia ilikuwa imehamia hapa Ngoliba, ng'ambo ya mto mkavu. Gari la zahanati, ambalo ndilo pekee lililowapeleka akina mama Thika kujifungua, liligonga mawe ya mto kila safari. Tairodi, kile chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele ili yageuke pamoja, ilikaa chini mno, ikawa inapinda. Gurudumu moja likitazama Thika, jingine Garissa. Kamati ikaamua gari liuzwe. Mzee aliomba kwanza apewe nafasi ya kuipandisha tairodi, ishikiwe kwa juu badala ya kwa chini.

Bwana Kuldip alimwonya kwamba matundu ya kushikia ncha zake ni mapana chini na membamba juu, kwa hivyo ncha zikiingizwa kwa juu zitalegea. Mzee hakusikia. Aliziingiza kwa juu, akazibana kwa washa, zile pete nyembamba za chuma, akamwita Viola, wakapanda. Hawakufika hata getini. Usukani ulicheza, akalisimamisha gari mbele ya mafundi waliokuwa wakimcheka, akashuka. "Kuldip alisema ukweli," akawaambia. "Fungueni."

Hakukata tamaa. Aliyapanua yale matundu, akapachika humo bushi, yaani pete nene za chuma alizozichonga kinyume, pana juu na nyembamba chini, nazo ncha zikakaa kama jino kwenye ufizi. Akageuza usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, kuhakikisha tairodi haigusi springi. Kisha akaipaka tairodi rangi mpya, ili jiwe likiigusa alama ionekane, akalileta gari mtoni, watu wakiwa wamejaa kingo zote mbili.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mutisya, alimwuliza Mama Viola kama haogopi kukaa mle ndani baada ya yale ya gereji. "Nikishuka, baba, ataoa mwingine wa kumpakia," alijibu, akafunga mlango.

Gari likavuka. Likarudi. Likavuka tena. Bwana Kuldip akapiga magoti mchangani, akachungulia chini ya gari, akainuka akitabasamu. "Rangi haijaguswa," akasema.

Siku hiyo Ngoliba ilisikika mpaka Thika! Gari halikuuzwa. Miongoni mwenu mmesimama vijana ambao mama zenu walivuka salama kwa kazi ya mikono ile.

Mwaka 2023 alianza kuugua figo. Gari hilohilo lilimpeleka Thika kusafishwa damu, naye akiwa amelala nyuma aliendelea kuisikiliza stelingi na kumkosoa dereva. Alifariki tarehe 3 Februari 2025 hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Mama Viola, watoto wake, Carolyne (ambaye ni fundi mwenye gereji yake Ruiru), Calvince na Dianah, wajukuu, ndugu zake wa Chwele, na rafiki yake, Bwana Kuldip.

Aliacha agizo moja: aletwe kaburini kwa gari lile, Carolyne aikague tairodi kisha ashike usukani, na kiti cha mbele kiwe cha Viola. Ndivyo alivyoletwa leo.

Apumzike kwa amani fundi wetu. Amevuka, na rangi haijaguswa.