Jozi Mbili za Mitalawanda

Siku ile walikuwepo sita, ukimhesabu na mtoto. Bibi Tokie mwenyewe alikuwa amelala kwenye godoro lake, kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili ili aone jaruba la mpunga dirishani. Shigeo, mwanawe, alikaa karibu na mlango, koti bado mwilini. Mitsuyo, binti yake, alikaa upande wa mto. Chinatsu, binti wa Mitsuyo, alikuwa amempakata mwanawe Kohane wa miezi saba. Na Fusae, dada mkubwa wa Bibi Tokie, mwenye miaka tisini, alikaa miguuni pa godoro, mguu wake wa kushoto ameunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki, akimenya tunda la kaki na kupanga vipande kwenye kisahani. Chinatsu aliona kwamba vipande vile vilikuwa vidogo mno, vya mtu asiye na meno, ingawa hakuna aliyemwomba Fusae avikate hivyo. Aliona pia kwamba kila mara kabla ya kumgusa mdogo wake, Fusae alikishika kwanza kikombe cha chai mpaka viganja vikapata joto.

Katikati yao, juu ya mkeka, zilikuwepo jozi mbili za mitalawanda ya barafu, mbao zake zimekuwa nyeusi kwa uzee, chuma chembamba kimepita chini ya kila unyayo. Shigeo alikuwa ameambiwa azishushe juu ya kabati, naye hakujua za nini. Bibi Tokie alizitazama, akaanza kusema.

Wekeni chai chini, wanangu, mnisikilize kwa mkupuo mmoja, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Shigeo, vua koti, hapa si kituo cha treni. Mitsuyo, acha kulia, bado sijafa, na ukilia nitasahau nilipofika. Na wewe, Dada, usijifanye unamenya kaki. Najua sikio lako la kulia linasikia vizuri kuliko yangu yote mawili, kama ambavyo kila kitu chako kimekuwa kizuri kuliko changu tangu siku niliyozaliwa.

Nyumba ni ya Shigeo. Cherehani ni ya Mitsuyo, na vitambaa vya hariri vilivyomo kwenye sanduku la chini, wala usiwape wale wanunuzi wa vitu vya kale wanaokuja wakitabasamu. Pipa la kuchachushia mboga za majani kwa chumvi ni la Chinatsu, pamoja na jiwe lake la kukandamizia. Usilibadilishe jiwe, lile limeshazoea kazi. Hayo ni mepesi. Yaliyobaki ni jaruba lile la chini, na huyu mzee anayemenya kaki, na hayo mawili siwezi kuyasemea kitu kabla sijautoa ubaya wangu.

Jumapili iliyopita, Shigeo, ulidhani nimelala. Ulimwambia dada yako, "Mama akiondoka, Mama Mkubwa tumpeleke nyumba ya wazee kule mjini, kuna joto, na jaruba tuliuze wafanye maegesho ya magari." Hukusema kwa roho mbaya, nilisikia sauti yako, ulikuwa umechoka tu. Lakini aliyekufundisha kumwona mama yako mkubwa kama mgeni aliyesahau kuondoka ni mimi. Miaka sabini nimewaambia majirani, "Huyu dada yangu alikosa pa kwenda." Leo nawaambia kwa nini alikosa.

Ninyi mmelikuta ziwa la Suwa likiwa limeanza ugoigoi wa kuganda. Zamani zetu, mwezi wa kwanza ukiingia, lilikuwa gumu kama sakafu, na watu wa mtaa wetu hawakuhangaika kushuka hadi ziwani, kwa sababu baba yetu alikuwa akifungulia maji kwenye jaruba lile la chini baada ya mavuno, na jioni kila nyumba inaleta mtu mmoja na kata yake, wanamwagia maji kidogo kidogo mpaka barafu inakuwa laini kama bakuli lililooshwa. Asubuhi mtaa mzima uko pale. Kina mama wanateleza na watoto mgongoni, mwalimu mkuu anaanguka na miwani yake, wasichana wa kiwanda cha hariri wanakuja siku yao ya mapumziko wameshikana mikono, kumi kwa mstari. Hakuna aliyekuwa na viatu vya dukani. Tulivaa mitalawanda hiyo mnayoiona, chuma chake kimefuliwa na mhunzi wetu, na unaifunga mguuni kwa kamba juu ya soksi, unakaza kamba kwa kijiti, halafu unaimwagia maji. Kamba inaganda. Ikishaganda hata ukipigwa teke haifunguki. Na kila mtoto wa mtaa ule aliambiwa neno moja kabla hajafundishwa kusimama: usiende kwenye moto na kamba zako, na ukienda, funga upya.

Kwenye barafu ile Dada alikuwa Fusae, na mimi nilikuwa mdogo wake Fusae. Jina langu lilibaki nyumbani. Alikuwa akipita, wazee wanaacha kuvuta tumbaku. Alikuwa anaegemea kwenye kona, mkono mmoja mgongoni, na mimi nyuma yake nagawa mateke kama punda aliyekanyaga utelezi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, yeye kumi na tisa. Niliuonea wivu mguu wake, niliuonea wivu mkono wake wa mgongoni. Niliionea wivu hata baridi, kwa sababu ilimtia wekundu mashavuni na mimi ilinitia wekundu puani. Na wivu, wanangu, nawaambia mimi niliyelala nao kitanda kimoja, haukuwa unaniuma kila saa. Nilicheka naye, nilikula naye, na katikati ya kucheka nikaona meno yake yalivyojipanga, basi, chakula kinakwama.

Halafu kulikuwa na Kinjiro, mwana wa mhunzi, baba yenu. Siku moja nilipita karibu na karakana nikamkuta anapiga tupa chuma cha mitalawanda ya Dada, ulimi nje, kama mtu anayemtoa samaki miba kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia, "Yangu utainoa lini?" Akasema, "Yako haijalika, Tokie-chan, wewe unaanguka kuliko unavyoteleza." Alikuwa anatania. Mimi sikucheka siku tatu.

Mwaka ule, wa ishirini na nane wa enzi ya Showa, kiwanda cha hariri kilikuwa na timu yake ya wanawake, na bwana mmoja wa kiwanda alikuja jarubani kwetu siku ya mashindano ya mtaa. Ikajulikana kwamba msichana atakayeshinda atachukuliwa, atafanya kazi ofisini badala ya kwenye mvuke wa masufuria ya kuchemshia vifuko vya hariri, na atasafiri kuteleza mpaka kaskazini. Kila mtu alijua atakayechukuliwa. Mama alikuwa ameshaanza kumshonea begi.

Kandokando ya jaruba palikuwa na moto wa matawi ya mforsadi na sufuria ya togwa tamu ya mchele. Zilikuwa zimebaki mbio mbili za wanaume kabla ya zetu, za raundi kumi kuzunguka jaruba. Dada alikuwa amesimama mbali, kamba zimeshaganda, amejikunyata. Nikamwita. Nikamwita kwa sauti ambayo nilikuwa sijaitumia kwake tangu mavuno. "Dada, njoo hapa, mikono yako imekuwa bluu." Akaja. Nikamkalisha kwenye gunia, nikamshika mikono yote miwili nikaisugua, nikampa bakuli la togwa, nikamsogeza taratibu miguu iwe karibu na moto. Yangu niliiacha nyuma, kwenye theluji. Nilimwongelesha. Nilimsifia nywele. Nilimuuliza habari za begi.

Kinjiro akapiga kelele, "Wasichana, mstarini, kabla baba zenu hawajalewa!" Dada akatazama miguu yake. Akaniuliza, "Nifunge upya?"

Nikamwambia, "Ziko sawa, Dada. Nimeziangalia."

Hilo ndilo neno langu. Maneno mengine yote niliyosema maishani mnaweza kuyasahau.

Kona ya tatu, mtalawanda wa kushoto ulijipinda chini yake. Yeye alikuwa ameshaegemea, mkono mgongoni. Goti lilitoa mlio kama tawi kavu, na nililisikia kwa sababu nilikuwa nyuma yake, na wanangu, nisikilizeni, sikusimama. Nilimpita. Nilikuwa wa kwanza. Baba alimbeba nyumbani juu ya ubao wa dirisha, na begi la Mama nikapewa mimi. Niliteleza kwenye timu ile misimu miwili, wa nne kutoka mwisho, mara moja wa tatu kutoka mwisho. Watu wa mchumba aliyekuwa anasemwa-semwa kwa ajili yake, wa mji wa Okaya, walituma salamu za pole na hawakurudi. Mguu haukukunjika tena. Ndiyo sababu alikosa pa kwenda.

Mngedhani hapo wivu wangu ungeshiba. Haukushiba. Niliolewa na Kinjiro, na kila mwezi wa kumi na mbili, mtu yule alikuwa anashusha jozi zote mbili, anakaa pale mlangoni, ananoa yangu, kisha ananoa na ya Dada. Miaka arobaini na nane! Mguu ambao hauwezi hata kupanda ngazi! Nikamuuliza mara moja tu, "Hiyo ya nini?" Akasema, "Nisiponoa itaota kutu, mke wangu," akaendelea. Tazameni, Mitsuyo, zishike. Yangu niliyoivaa miaka yote bado ina chuma. Ya kwake, iliyoteleza mpaka siku ile na basi, imeliwa na jiwe la kunolea mpaka imebaki kama uzi. Siku za mwisho za baba yenu, mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha, na kati ya vijiko akaniuliza, "Fusae amekula?" Nikasema amekula. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo.

Na wewe, Dada, ulikuwa hujala. Ulikuwa unamfulia mashuka.

Hata mtoto huyu, Kohane, nikimchukua analia, akichukuliwa na Dada ananyamaza na kumshika pua. Nimemwonea wivu Dada kwa ajili ya mtoto wa miezi saba, nikiwa na miaka themanini na minane. Mnipe maji. Kidogo. Hapo.

Basi nimesema. Dada, hizo kamba zililegea kwa moto wangu. Sikuombi kitu. Kata kaki yako.

Unasema nini? Sema kwa nguvu, masikio yangu si kama yako.

Ulijua?

Wanangu, mmesikia? Rudia, Dada, wasikie na wao. Anasema alijua. Anasema maji yalikuwa yameshaanza kumwingia kwenye soksi alipokuwa bado na bakuli mkononi. Sasa kwa nini hukuinuka? Ulikuwa na muda! Kwa nini uliniuliza mimi, mjinga wewe, kwa nini hukukaa ukafunga kamba zako?

Anasema nilikuwa nimemshika mikono.

Anasema nilikuwa sijamshika mikono tangu mavuno, na alijua akiinama kufunga nitajua kwamba amejua, na sitamshika tena. Alifikiri zitavumilia raundi kumi.

Miaka sabini na moja. Umekaa nalo hilo kwenye chumba cha nyuma, ukinipikia uji. Ona, wanangu, hata leo, hata kwenye ubaya wangu mwenyewe nilioutunza ili angalau uwe wa kwangu, amefika kabla yangu. Dada, nakuonea wivu. Siku hii nayo ningependa iwe yangu, na umeichukua.

Nisogezeni. Hapana, si hivyo, Shigeo. Mwache Chinatsu.

Sikilizeni agizo. Jaruba haliuzwi Dada akiwa hai. Chumba hiki chenye dirisha, mkishanitoa, ni chake. Kile cha nyuma hakina jua, nilikichagua mimi. Msimpeleke mjini. Shigeo, wewe utafungulia maji, mfereji wa juu umeziba kwa majani, utumie jembe dogo. Jirani mmoja mmoja, na kata. Wakikataa, basi nyie watatu. Isipoganda… hali ya hewa… isipoganda, mwakani tena.

Mitalawanda ya Dada mpeni mwenyewe. Yangu mnichomee pamoja nami, chuma mkitoe kwanza. Watu wa tanuri la maiti hawapendi chuma.

Mitsuyo, usigombane na kaka yako juu ya mazishi. Shigeo, kula asubuhi. Chinatsu, wewe unaona mambo. Endelea kuona. Watoto wenu wawe… wawe na mtu wa kuwashika mikono bila sababu. Muwe wazima. Nyote muwe wazima.

Dada. Mikono yako iko wapi? Usiipashe moto. Ilete hivyo hivyo.

Bibi Tokie alifariki siku ya tano baada ya hapo, mchana. Mwezi wa kwanza jaruba lilishika barafu siku nne. Siku ya pili Fusae alikalishwa kwenye kiti cha jikoni kilichofungwa mbao mbili chini, mitalawanda yake miguuni, na Shigeo akamsukuma raundi kumi.