Nikifor Yeremeich, Aliyetuchagulia Robo ya Ardhi

Jirani yetu Mama Pelageya aliwahi kuniuliza kisimani, mbele ya wanawake wote: "Hivi Ustinya, baba yako akila mkate, unamshuka?" Nikamjibu, "Haumshuki vizuri, mama." Leo tunamzika baba, na mimi binti yake nimeombwa nisome habari za maisha yake. Siwezi kuzisoma nikaliruka swali hilo. Mwenyewe hakuliruka.

Baba yetu, Nikifor Yeremeyevich Zubarin, mliyezoea kumwita Nikifor Yeremeich, alizaliwa Februari 1818 hapa hapa Sukhoi Dol, mkoa wa Saratov, akiwa mali ya bwana kama tulivyokuwa sote. Shule hakwenda. Shemasi alimfundisha kusoma Zaburi kwa majira mawili ya baridi, naye akawa anampasulia kuni. Kwa kuwa alijua kusoma watu walimwamini, na mwaka 1859 wakamchagua kuwa mkuu wa kijiji.

Alifunga ndoa na mama yetu Fedosya mwaka 1839. Bwana ndiye aliyewapanga mbele ya ghala: wewe na huyu, wewe na yule. Mama, Mungu amrehemu, alizoea kumtania: "Ungesimama kushoto kidogo, ungempata Akulina mwenye makengeza." Baba humjibu, "Kwani unadhani nilisogea bure?"

Kwaresima ya mwaka 1861 padre alitusomea tangazo la uhuru. Kesho yake baba alipanda juu ya tanuri, tunapolala usiku wa baridi, akalala mchana kweupe, aone uhuru ukoje. Hakukaa sana. Akashuka akisema, "Fedosya, imenishinda. Shoka liko wapi?"

Mwaka uliofuata tuliwekewa njia mbili. Tuchukue ardhi kamili na kuilipia miaka arobaini na tisa, au tuchukue robo yake bure, yaishe. Baba alisimama mkutanoni akasema, "Ndugu zangu, tulipie ardhi tuliyoimwagia jasho tangu enzi za babu zetu? Chukueni robo. Tsar ataleta tangazo la pili, na yote itakuwa yetu." Uvumi huo ulikuwa kila mahali, ila sisi tuliusikia kwa mtu anayesoma Zaburi. Wanaume wakapaza sauti, "Robo! Robo!"

Tangazo la pili halikuja. Malisho yakabaki kwa bwana, watoto wakaongezeka, konde likawa lile lile. Wana wa Mama Pelageya walikosa pa kulima, wakaenda kubeba mizigo huko Volga, na hakuna aliyerudi.

Kila Jumapili ya Msamaha, tunapoombana radhi kabla ya kufunga, baba alipita nyumba kwa nyumba kwenye theluji, akisujudu hadi paji la uso liguse sakafu. Wengi walimwitikia kama ilivyo desturi, "Mungu atakusamehe." Mama Pelageya alimwambia, "Mungu ana ardhi nyingi, Nikifor Yeremeich. Yeye anaweza." Mwaka uliofuata baba alirudi tena mlangoni kwake.

Baada ya Krismasi iliyopita miguu yake ilivimba, kifua kikambana. Pasaka ikamkuta kitandani. Mama Pelageya akaja na bakuli la uji wa shayiri. Baba akataka kushuka asujudu. "Lala wewe mzee, utaniangukia bure," akamkemea, kisha akamlisha kwa mkono wake mpaka bakuli likaisha. Neno la msamaha hakulitamka, na baba hakumdai. Alifariki tarehe 9 Mei 1894, akiwa amepokea Komunyo.

Ametuacha mimi Ustinya, ndugu yangu Trofim na mkewe Darya, wajukuu, na ninyi wanakijiji wenzake. Bwana Yesu ampokee mtumishi wake, ampe huko utulivu ambao hapa hakuupata.

Mmeniuliza kwa nini tumefukua kaburi la babu Yeremey. Siku moja kabla ya kufa, baba alituita mimi na Trofim akatuambia: "Msinichimbie kaburi jipya. Nilazeni juu ya baba yangu, shimo moja. Nimeshawapunguzia watu ardhi ya kutosha."