Tunaomba Tuachiwe Dirisha

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha kufulia. Wasimamizi wa zamu. Walimu wa mazoezi. Na ninyi wafuaji, wakunjaji na wapiga pasi wenzetu: hamjambo?

Karibu chumbani kwetu

Sisi wanadarasa wa Nyoosha tumefurahi mno kukuona hapa. Tuliambiwa tusafishe chumba, nasi tukasafisha kama watu wa kazi hiyo, kwa hiyo sakafu inateleza kidogo. Ukisimama, shika ukuta.

Huenda unajiuliza kwa nini risala inasomwa na mkunja mashuka ambaye hujawahi kusikia sauti yake. Hata wenzangu wengi hawajaizoea. Aliyejitolea kusoma ni mfuaji mmoja tunayemwita Redio. Bibi Pasi, ambaye ni mpiga pasi mkongwe kuliko sisi sote, akakataa.

"Redio hana kitufe cha kuzima," alisema. "Mgeni atalala hapa hapa."

"Basi asome nani?" Redio akauliza. "Huyu mwali wenu?"

"Ndiyo, huyu huyu. Asiyesema akisema, watu hutega sikio."

Kwa hiyo, mgeni rasmi, tunakuomba utege sikio.

Tulikotoka

Kazi yetu ni ya kusimama. Mfuaji anainamia mashine, mpiga pasi anainamia meza, na sisi wakunjaji tunatanua mikono asubuhi mpaka jioni kama watu wanaokaribisha wageni wasiofika. Migongo ilianza kulalamika. Ulipoagiza tuwe na mazoezi baada ya kazi, tulishangilia, na hatujasahau kwamba wazo lilikuwa lako.

Yakaanza madarasa matatu. La kwanza ni Ruka-Ruka, linalofundishwa na dereva wa gari la mashuka. La pili ni Chuma, la fundi wa mashine, ambalo ni la kunyanyua vitu vizito. La tatu ni hili letu, Nyoosha, na mwalimu wake ni mama mtoa madoa.

Wengi wetu tulikimbilia Ruka-Ruka kwa sababu muziki wake unasikika mpaka getini. Dereva anafundisha kama anavyoendesha: hapunguzi mwendo kwenye kona. Wafuaji vijana wanampenda, wanatoka wamelowa jasho na wanacheka, na sisi tunawapongeza kwa moyo mmoja. Lakini Bibi Pasi aliliacha siku ile ile ya kwanza. "Goti langu limeniambia, mama, wewe ruka, mimi nabaki hapa." Redio alijaribu Chuma. Fundi anataka watu wanyamaze wasikilize pumzi zao, basi akamwomba Redio kwa upole aende akapumulie kwingine.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza kuchagua. Darasa linalokufaa si lile lenye kelele nyingi wala lile alilokusifia jirani. Ni lile ambalo kesho yake mwili wako unakubali kurudi.

Hata Nyoosha halikuanza vizuri. Mwalimu alisimama akitutazama, akainua mkono wake wa kushoto na kusema, "Kushoto!" Waliofuata mkono wake wakaenda huku, waliofuata neno lake wakaenda kule, na Redio akagongana vichwa na Bibi Pasi. Mimi ninayesoma nilikuwa sifuati mkono wala neno. Niliacha shule darasa la tano, na maneno hayo mawili, kushoto na kulia, yalikuwa bado hayajatulia kichwani mwangu, na mpaka leo hayajatulia. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na matoroli, nikiiga mgongo wa aliye mbele yangu. Nilikuwa nimeshaamua kutorudi.

Mwalimu aliona. Hakuniuliza kitu. Mtoa madoa huwa halisugui doa mbele za watu. Siku iliyofuata aliingia akasema, "Leo hapa hakuna kushoto wala kulia. Kuna dirishani na kuna mlangoni. Haya, mikono yote dirishani!"

Tukaenda wote pamoja, kama shuka moja. Tangu siku hiyo, humu chumbani hajagongana mtu.

Tulichopata

Mgeni rasmi, wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Sisi sasa tunajipata mpaka katikati ya mgongo. Bibi Pasi anapanda ngazi bila kushika chuma cha pembeni, na akifika juu anahakikisha sote tumeona.

Kuna jambo jingine. Jioni moja mwalimu alikuja na mafua, sauti imekauka kabisa. Tukasimama tu tukitazamana. Mara mtu akaita, "Mlangoni!" Wote wakageuka mlangoni, halafu wakageuka tena kutafuta nani ameita. Nilikuwa mimi.

"Lo!" Redio akasema. "Kumbe ina betri!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Tangu hapo mwalimu akichoka, mimi ndiye ninayeita.

Kinachotusumbua

Wiki iliyopita tulisoma tangazo ubaoni. Linasema kuanzia mwezi ujao litabaki darasa moja tu, Ruka-Ruka, kwenye chumba kipya cha juu, na chumba hiki kitakuwa stoo ya mashuka.

Chumba cha juu ni kizuri, hatukatai. Kina vioo kila ukuta, hata mlango umefunikwa kioo. Dirisha hakina. Tulipanda kukijaribu, kwa sababu hatupendi kulalamikia kitu tusichokionja. Mwalimu akaita, "Dirishani!" Tukazunguka kama kuku waliohamishwa banda.

"Dirisha lipi, mama?" Redio akauliza. "Mimi namwona Redio kila upande."

Dereva akataka kutusaidia, akapaza sauti, "Kushoto!" Unajua kilichofuata. Safari hii Bibi Pasi aliangukia goti lile lile. Akiwa bado chini akasema, "Mimi haya yalikuwa ya mwisho." Tulidhani anatania. Lakini wakati wa kushuka tulimwona ameshika chuma cha ngazi, na hakutaka mtu amtazame.

Tunachoomba

Tunaomba tuachiwe chumba hiki. Ruka-Ruka wakae juu na vioo vyao. Wanapenda kujiona, na kwa kweli wanapendeza. Mashuka nayo tunayakaribisha. Tumeyapanga kwa majaribio kwenye ukuta wa nyuma, kama unavyoona, na mikono yetu bado inatanuka bila kuyagusa. Ukuta wa dirisha tu ndio tunaouombea. Shuka likikunjwa haliulizi dirisha liko wapi. Bibi Pasi anauliza, nami nauliza.

Tunaomba pia mfanyakazi mgeni asipangiwe darasa. Aonje yote, kisha achague mwenyewe. Kiatu huchaguliwa kwa mguu, si kwa jicho.

La mwisho halimo kwenye karatasi tuliyokubaliana. Tumekuona ukipanda ngazi umeshika kiuno. Bibi Pasi alisema tusilitaje, nami nimelitaja, anisamehe. Kabla hujatupa jibu lako, tunakuomba usimame nasi kidogo. Vua viatu, viache hapo. Dirisha ni lile, mlango ni ule. Ukikosea usione haya, nitakuita.

Mungu akujalie mgongo usionung'unika, magoti yasiyogoma, na usingizi wa mtu aliyekunja shuka lake la mwisho.

Ni sisi wafanyakazi wako, Darasa la Nyoosha, chumba chenye dirisha.

Haya, mgeni rasmi: dirishani!