Siku Niliyomwambia Wifi Aniache Kwenye Moto wa Miwa

Ndugu zangu, msinipigie makofi bado. Mnisikie kwanza, halafu mtaamua kama nastahili. Nimekuja hapa mbele ya kanisa bila kushikwa mkono, na kuna wakati hilo lingewashangaza nyote.

Mnakumbuka miaka ile miwa ilipokuwa inalipa hapa Kakamega. Mimi na mzee wangu tulikuwa na shamba zuri. Kulima walikuja watu wengine, kukata wengine, kubeba wengine. Sisi tulingoja tu. Basi nikaona kutembea ni kazi ya wasio na miwa. Nikanunua kochi. Sokoni nilienda kwa boda ya baiskeli, na kwenye mlima mwenye boda alishuka akanisukuma huku anahema. Hata maandamano ya kanisa, haya yetu ya ngoma na bendera, niliyangojea mlangoni na kikombe cha chai.

Aliyeyaongoza ni wifi yangu, dada mkubwa wa mzee wangu. Amenipita miaka minne. Alipita kwangu na jembe begani, akaniambia, "Toka tutembeenga kidogo." Nami namcheka: "Tembea wewe, si huna miwa!" Nilimdharau, na nasema hivyo akinisikia.

Magoti yakaanza kugoma. Kuinuka kwa kochi nikawa nahesabu moja, mbili, tatu. Nilikuwa na miaka sitini na miwili. Nikasema ni uzee tu.

Kikaja kiangazi. Mchana mmoja nilienda kuangalia miwa yetu kule bondeni. Boda akaniteremsha, akaenda zake. Nikaingia ile njia nyembamba ya katikati, miwa imenipita kichwa pande zote mbili. Nikasikia sauti kama mvua juu ya mabati. Ndugu zangu, nilifurahi! Nikatazama juu nione mawingu. Nikaona moshi.

Nikageuka nikimbie, miguu ikakataa. Hatua kumi, pumzi imekatika. Nyingine tano, niko chini kwa magoti. Majani yanayowaka yananiangukia kwenye kitambaa cha kichwa. Niliogopa vile sijawahi kuogopa maishani.

Wifi alikuwa analima shamba lake hapo karibu, na aliniona nikiingia. Akaja anakimbia, mama wa miaka sitini na sita, jembe amelitupa huko. Akanishika kwapani.

"Inuka!"

"Siwezi. Niache, wifi. Utaungua bure."

"Nikuache halafu niende kumwambia ndugu yangu nini? Inuka, mama!"

Nikipiga hatua tatu, naketi. Ananivuta. Nikipiga mbili, naketi tena. Angeweza kwenda, njia ilikuwa bado wazi mbele yake. Nikasikia nywele zake zinanuka kuungua, nikajua sasa namuua huyu mama kwa ajili ya kochi langu. Nikalia kwa sauti. Yeye alivuta tu, mpaka tukaangukia barabarani. Mkono wake wa kushoto una kovu hadi leo.

Kule zahanati, daktari mama mmoja alimfunga mkono, kisha akanipima na mimi. Nikamuuliza mbona huyu mkubwa ana nguvu, na mimi mdogo nimeisha. Akaniambia, "Mama, hata ndani ya mwili kuna moto. Chakula kinachomwa huko, na kuna cheche zinazoruka. Zikizidi, zinaharibu mwili polepole. Lakini mwili una wazimaji wake. Ukizeeka wanalegea, na ukikaa tu wanalala kabisa. Ukitembea, cheche zinaongezeka kidogo, nao wanaamka. Ukifanya hivyo kila siku, wanazoea kazi."

"Basi nipe dawa ya kuwaamsha."

"Mboga na matunda kula. Lakini kuwaamsha ni kazi ya miguu yako."

Mnanijua na haraka yangu. Jumapili hiyo hiyo nikafuata maandamano yote, kupanda na kushuka. Nililala kitandani siku nne! Daktari alinigombeza: "Sasa wewe unachoma shamba zima ili ufundishe wazimaji? Kidogo kidogo, mama. Lakini kila siku."

Asubuhi iliyofuata nikasikia hodi. Ni wifi, na mkono wake umefungwa kitambaa. Tukaenda mpaka kwa lango la jirani, tukarudi. Kesho yake hodi tena. Nilinung'unika, kuna siku nilimtukana. Alisimama mlangoni akangoja nimalize, tukaenda. Mpaka kisimani. Mpaka mzani wa miwa. Mvua zilipokwisha, niliinuka kwa kochi, nikajikuta nimesahau kuhesabu.

Magoti bado yananiuma, sitawadanganya. Uzee ni wangu. Lakini mwaka uliofuata nilibeba bendera mbele ya ngoma, na yule mwenye boda akapiga kengele aliponiona. Wazee wenzangu mnaokaa mkingoja kuletewa hata maji, nawaomba, mwanze na lango la jirani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari popote alipo, na mzee wangu aliyekubali chai ichelewe. Na wewe wifi, umekaa pale nyuma unajificha. Miaka yote hii sijakuambia. Siku ile nilikuomba uniache. Asante kwa kunikatalia.

Haya, mnamsikia anavyonijibu? Anasema, "Maliza basi, jua linapanda, na nyumbani ni mbali kwa miguu."