Adela Aliyeuliza Majina ya Mama Zetu

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni sauti ya televisheni, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Adela Wambura. Dereva wa basi la shule, mkazi wa Hyattsville hapa Maryland, mzaliwa wa Tarime. Adela Wambura hatunaye tena. Alianguka Jumatatu asubuhi kwenye yadi ya mabasi kule Landover, akikagua matairi kabla ya safari ya kwanza. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka. Ni moyo, madaktari walisema.

Atazikwa kesho Jumamosi, saa tano asubuhi, makaburi ya jirani na Bladensburg. Narudia: kesho, saa tano, Bladensburg. Narudia makusudi, maana wapo kati yenu ambao mpaka dakika hii hamjaamua kama mtakwenda. Msinifiche. Simu zenu nimezipokea mimi mwenyewe. Mnaninong'oneza, "Isack, na wale watu wa Jumanne watakuwepo?"

Basi leo tuyaseme waziwazi, maana marehemu hasemwi pembeni.

Kwanza, Adela alikuwa mgomvi. Neno hilo nimepewa ruhusa ya kulisema na mdogo wake, Vaileth, ambaye amekaa nami hapa studio mchana huu. "Kaka Isack," ameniambia, "ukisema dada yangu alikuwa mpole, watu watazima redio."

Mnaikumbuka ile sherehe ya Uhuru pale ukumbini Landover. Pilau limepikwa na Irene, mke wa Cosmas, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Adela akafunua sufuria, akazungusha mwiko mpaka chini, akauliza mbele ya wageni wa ubalozi, "Nyama imekwenda likizo?" Tangu siku hiyo yeye na Irene hawakusalimiana. Wakipishana dukani kila mmoja anasoma bei za vitunguu.

Kisha akagombana na mzazi mmoja kwenye kituo cha basi, asubuhi, watoto wakisikiliza. Kazini wakamsimamisha kwa muda. Siku hizo za kukaa nyumbani ndizo alizokwenda maktaba ya Hyattsville kutafuta wale wanaosaidia kujaza fomu za kodi. Akakuta watu wamezunguka meza, akavuta kiti, akasubiri zamu yake. Hawakuwa watu wa kodi. Lilikuwa darasa la Kabala, la kila Jumanne.

Kabala, wasikilizaji wapendwa, ni elimu ya zamani ya Wayahudi kuhusu siri za Mungu na nafsi ya mwanadamu. Ukishatamka neno siri kwetu sisi, umemaliza. Nusu ya ukumbi wameshasema frimasoni, nusu nyingine wanatafuta viatu vyao.

Mwalimu wa darasa hilo anaitwa Ethan, mzee aliyestaafu kufundisha hesabu. Nilimpigia simu, nikambana. Je, alimtaka Adela abadili dini? Hapana, Adela aliendelea na kanisa lake. Je, kuna kiapo? Hakuna. Je, mnafunga mlango? Ni maktaba, akasema, milango ni ya vioo. Majibu yake yalinyooka mno, na mtu mwenye majibu yaliyonyooka hivyo mimi humtazama mara mbili.

Anachofundisha, kwa maelezo yake, ni kwamba mtu huzaliwa na tamaa ya kujivutia kila kitu, na kazi ya maisha ni kuigeuza tamaa hiyo iwe ya kutoa. Na kwamba anayekukera kuliko wote ndiye mwalimu wako. Ethan anasema Adela aliposikia hilo akasema, "Basi mimi nimesomeshwa sana." Darasa zima likacheka. Jumanne iliyofuata alirudi, na baada ya hapo hakukosa.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana Adela aliacha kugomba. Msikieni Kipchumba, dereva mwenzake, mtu wa Eldoret: "Huyo mama tumegombania parking tangu niingie hiyo yadi. Siku moja anakuja, ananiambia, 'Kipchumba, nisamehe, ile spot ni yako.' Nikaskia baridi. Nikajiuliza, sasa huyu anataka nini kwangu? Nili-park mbali kabisa."

Akaenda na kwa Irene, kuomba msamaha wa pilau. Irene hakunificha. "Nilimkaribisha kochi, lakini maji sikumpa. Mtu ambaye hajawahi kuomba radhi tangu azaliwe, leo anakuja kwangu na sauti laini? Alipotoka nikafagia mpaka mlangoni."

Pengine yangeishia hapo. Lakini Cosmas akaugua, akalazwa, akafanyiwa upasuaji. Adela akampigia Irene. Akasema, "Dada, naomba jina la mama mzazi wa Cosmas. Jumanne tutamwombea."

Wasikilizaji wapendwa, wale mliozaliwa huku na mnatusikiliza kwa sababu wazazi wamewasha redio, ngoja niwaeleze. Kwetu mtu anayekuuliza jina la mama yako ni mganga. Ukienda kwa mganga, swali la kwanza ni jina lako, la pili ni la mama yako. La mama, kwa sababu baba anaweza kubishaniwa. Kwa majina hayo mawili mtu anafungwa, nyota yake inachukuliwa, anabaki anatembea tu. Kumbe na hao watu wa Jumanne, wakimwombea mgonjwa, humtaja kwa jina lake na la mama yake. Desturi yao ya tangu zamani.

Irene alikata simu. Kabla ya jioni ujumbe ulishaingia kwenye makundi yetu yote: Adela anakusanya majina ya mama, akikuuliza mblock. Cosmas akapona. Irene anasema alipona kwa sababu jina halikutolewa. Mimi sisemi kitu.

Toka hapo Adela akawa peke yake. Akileta kisamvu shereheni, kinarudi kilivyokuja. Nyumba anazoingia zikapungua mpaka zikaisha. Hata Vaileth alisita. "Tumbo moja, kaka Isack," amesema. "Binti yangu alikuwa ananiuliza, 'Mom, why don't we go to Auntie's anymore?' Nikawa namwambia hatuendi kwa sababu Auntie yuko kazini. Niliogopa. Niliona dada yangu ameingia mahali ambapo siwezi kumfuata."

Sasa amefariki, na wiki hii Cosmas amempigia Vaileth. Amesema kwa upole, lakini amesema: "Dada, kwaya ya jumuiya haiwezi kusimama kaburi moja na watu wa mambo ya siri. Chagua." Na akina mama waliozoea kuosha na kuvalisha marehemu, kila mmoja akapata zamu ya kazi ya ghafla.

Kwa hiyo jana Vaileth aliomba kukutana na Ethan pale maktaba ya Hyattsville, amwambie yeye na watu wake wasije. Alikuwa ameshapanga maneno njiani. Mzee akainuka, akampa mkono, akasema, "Wewe ni Vaileth wa Bhoke."

Bhoke ni mama yao, Vaileth na Adela. Amelala Tarime, na hapa Maryland hakuna anayelijua jina hilo. "Nani amekupa?" akauliza. Ethan akasema, "Dada yako. Alituambia watu wake hawataki kutoa majina ya mama zao, na hawezi kuwalazimisha. Akasema basi wote watajwe kwa mama yake yeye. Cosmas wa Bhoke. Irene wa Bhoke. Kipchumba wa Bhoke. Kila Jumanne, mmoja baada ya mwingine." "Sisi," mzee akasema, "tulidhani mama yenu alizaa sana."

Vaileth alicheka, anasema, halafu akalia pale pale mbele ya vioo, watu wakipita na vitabu vyao.

Alipotoka hapo alimpigia Cosmas. Alimwambia watu wa Jumanne watakuja, na kwaya isipoimba ataimba mwenyewe. Cosmas akasema atafikiri. Simu ikachukuliwa na Irene. "Kwa hiyo jina langu limekuwa likitajwa huko muda wote huo?" Ndiyo, akaambiwa. "Bila kuniuliza?" Ndiyo. "Walikuwa wananiombea nini?" Vaileth akasema hajui, hakuuliza. "Nani anamvalisha?" Mimi peke yangu, Vaileth akajibu. Irene akasema, "Marehemu havalishwi na mtu mmoja. Nitakuja Jumamosi asubuhi. Na hao watu nataka niwaone kwa macho yangu."

Wasikilizaji wapendwa, mimi mashaka yangu ninayo bado. Kesho nitakaa nyuma, nitaangalia kila mkono na kila karatasi. Lakini tujiulize, kabla ya hiyo saa tano. Mtu alipokuwa anatutukana tulimpa maji na kiti. Alipoanza kutuombea tukamfungia mlango. Tulikuwa tunaogopa nini hasa?

Kabla sijaingia hewani nilimpigia Ethan tena. Nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza haraka. Akasema ndiyo, yumo, Isack wa Bhoke, yule wa redioni.

Pole sana, Vaileth. Pole kwa binti yako. Mungu ampumzishe Adela Wambura. Na poleni ninyi nyote, watoto wa Bhoke, mnaojijua na msiojijua. Tumefiwa na dada.