Ndevu Zilizonyolewa kwa Ajili ya Jenerali

Mabenchi yapo mengi mjini Eldoret, lakini lenye serikali yake ni moja tu: taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, kando ya barabara ya kwenda stesheni, mbele ya kiti cha Khisa kinyozi. Taruma hilo lilifikaje pale? Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa Kipyego anayefanya kazi relini hulikalia kila siku na hapendi maswali. Mwaka ulikuwa wa arobaini na sita, mwezi wa Julai, baridi ya Uasin Gishu ikiuma masikio, na vita vilikuwa vimekwisha kila mahali isipokuwa kwenye benchi hilo. Mama Kavetsa alikuwa ameshateremsha birika lake la kahawa, chungu kwelikweli maana sukari ilikuwa bado ya foleni, na wenye benchi walikuwa wamepata cha kubishania: kidevu cha askari, na kwa nini jeshi lilikinyoa.

— Mimi nauliza hivi, alianza Murunga, karani wa ofisi ya Disii, aliyeitwa Faili kwa sababu kila uongo wake alikuwa ameusoma kwenye faili. Serikali kubwa namna hii, iko na meli, iko na ndege, iko na bomu ya kumaliza mji mzima. Inatafuta nini kwa mdomo ya mtu?

— Nidhamu, alisema Kipyego. Wenzake walimwita Breki.

— Nidhamu inakaa kwa nywele?

— Sasa inakaa wapi? Kwa ugoko?

Mzee Wepukhulu aliweka kikombe chini. Huyu ndiye Kariakoo, aliyebeba mizigo ya jeshi katika vita vile vya kwanza, na alipoweka kikombe chini watu walisogea.

— Nyinyi ni watoto, alisema. Ile vita ya Mjerumani nilibeba sanduku ya risasi mpaka kichwa ikaota sugu. Kapteni wetu alikuwa na masharubu hivi.

Akapanua mikono mpaka akampiga Kipyego sikioni.

— Pole. Hivi! Na haikuwa urembo, ilikuwa amri. Afisa bila sharubu alikuwa na kesi. Halafu asubuhi moja, huko Tanganyika, kapteni anatoka kwa hema, mdomo wazi kama yai. Maluteni pia, wazi! Tukasema, mungu wangu, hawa wazungu wamefiwa.

— Wamefiwa na nani?

— Si ndiyo tulikuwa tunaulizana! Kwetu mtu akinyolewa ghafla, kuna kaburi. Tukapanga laini kutoa pole. Mpishi alilia kabisa. Kapteni anatuangalia tu. Kumbe Kingi amefuta amri. Sharubu sasa ni hiari.

Mama Kavetsa alisimama na birika mkononi. Mtu mmoja, ng'ambo ya bahari, hajawahi kukuona, anatamka neno akinywa chai yake, na midomo ya watu inabadilika porini Tanganyika. Ukubwa wa jambo hilo uliwapita kimo wote waliokuwa pale.

— Walai, Kipyego alinong'ona. Hiyo ni nguvu.

— Ni waya, alisema Murunga, ambaye hakuweza kuona watu wakistaajabu bila yeye. Nimesoma. Sharubu ya afisa inashika sauti ya London. Ndiyo maana wakubwa waliachiwa na askari wetu wakanyolewa, wasisikie siri.

— Sasa wakakata zao kwa nini?

— Redio ilikuja! Waya ya nini tena?

— Wacha hizo, alisema Kipyego. Ni ile moshi ya sumu. Unavaa ile uso ya mpira, ndevu inaacha nafasi, moshi inapita. Nafasi ya pua ya sungura inatosha, umekufa.

— Na Bama, kule kwa Mjapani? Huko mbona waliachiwa ndevu?

— Huko moshi ilikuwa inaogopa mvua.

— Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, alisema Murunga kwa sauti ya hukumu. Ndiyo maana Mjapani alishindwa. Maji hakuwa nayo.

Hakuna aliyeelewa, na kwa hiyo hakuna aliyepinga. Wote wakamgeukia Khisa.

Khisa alikuwa akinoa wembe kwenye mkanda wake wa ngozi, akijifanya hasikii. Yeye ndiye aliyekuwa fumbo la benchi. Alinyoa mji mzima, alinyoa hata padri, lakini kidevuni mwake mwenyewe zilining'inia ndevu za kufika kifuani, na tangu arudi kutoka Keya, lile jeshi la Kingi, miezi minane iliyopita hazikuguswa. Walimtania, wakamwita Mtume, wakachoka. Hakuwaambia kwamba mtu wa kwao anayefuga nywele hivyo anasubiri matanga. Tena hakuwaambia habari za kopo la tumbaku lililokuwa kwenye mtoto wa meza, chini ya taulo. Kopo hilo alikuwa akiliogopa kuliko alivyoiogopa mizinga.

— Wembe, wewe ulinyoa kampuni nzima, Kariakoo alimwambia Khisa. Tuambie ukweli.

— Ukweli ni kwamba sijui, Mzee. Mimi nilipewa amri tatu tu.

— Zitaje.

— Ya kwanza, kambini. Kila kidevu kila asubuhi. Hata ya mtoto. Kulikuwa na kijana mmoja wa kwetu, Walubengo. Hakuwa na unywele hata moja. Sajini akasema amri ni amri. Nikawa nampaka sabuni, natoa sabuni, kila siku, miezi sita. Nanyoa povu.

Benchi lilicheka. Khisa pia alicheka kidogo.

— Ya pili, Bama. Maji ya kunywa hakuna, sembuse ya kunyoa. Wakasema acheni. Watu wakaota, bwana! Watu walikuwa wanajishika uso kama wamepata shamba. Na Walubengo, siku moja, akaja mbio. "Khisa, tazama!" Zilikuwa kama kumi na tano. Alizihesabu. Akaandika barua kwa mama yake.

— Na ya tatu?

Wembe ulisimama kwenye mkanda.

— Ya tatu ilisema jenerali anakuja kukagua. Wote wanyolewe.

— Eh! alisema Murunga. Jenerali mwenyewe! Akaja?

Khisa alifuta wembe uliokuwa mkavu tayari.

Walubengo alikuwa amemsihi siku hiyo. Niachie mpaka nifike nyumbani, alisema, Mama hataamini. Khisa alikuwa na koplo nyuma yake na watu mia moja na ishirini mbele yake, akanyoa. Ilimchukua muda wa kukohoa. Kijana akaziokota kitambaani, akazifunga kwenye karatasi ya sigara, akasema: basi nitunzie, utakuwa shahidi wangu. Kesho yake akafa, kwenye kivuko cha mto ambao jina lake Khisa hakupata kulijua. Huko Bama, nywele za watu wa kwao Khisa alikuwa akizichoma, zisikanyagwe na miguu ya wageni. Hizi hakuweza. Nywele za maiti zina wenyewe. Na sasa angezipeleka vipi? Mtu anayetembea na nywele za mwenzake aliyekufa ana jina moja tu huko kwao Kimilili, na jina hilo huchomewa nyumba. Zaidi ya hayo, alimnyoa leo, akafa kesho. Mama gani angesikia hayo akaendelea kukuita mwanangu?

— Hodi hapa.

Alikuwa mwanamke wa makamo, miguu ina vumbi la safari, kitambaa cha kichwani kimevimba kwa nywele zilizokuwa chini yake.

— Karibu Mama, alisema Mama Kavetsa. Kahawa?

— Asante, baadaye. Naitwa Nabwire. Nimetoka Kimilili jana kwa lori ya mahindi. Wanasema hapa kuna watu wanajua mambo ya Keya.

— Umefika! alisema Murunga, akakaa vizuri. Uliza lolote.

— Nina swali moja tu. Kijana wangu alikwenda Bama hana ndevu. Akaniandikia barua, akasema ameota. Mwalimu alinisomea mbele ya watu, wakacheka, kwa sababu kwetu alikuwa anaitwa Shavu la Msichana. Baada ya hapo chifu akaleta ile karatasi nyingine. Hakuna mwili. Wazee wanasema bila kitu cha kuzika hatunyoi, na mimi nimebeba hii nywele mwaka na nusu. Hiyo nimekubali. Nataka kujua tu kama ni kweli. Walubengo aliota ndevu?

Walioweza kueleza Kingi, London, sumu na redio walitazama vikombe vyao. Kipyego alimtazama Khisa. Kariakoo alikuwa ameshamtazama zamani.

Khisa alifungua mtoto wa meza, akainua taulo, akalitoa kopo kwa mikono miwili.

— Ni kweli, Mama. Ni hizi.

Murunga aliruka kutoka kwenye benchi.

— Nywele ya maiti! Khisa! Miezi minane unaninyoa hapa na…

— Kaa chini, Faili, alisema Kariakoo.

— Mimi ndiye nilizinyoa, Khisa aliendelea, na maneno yalimtoka yote kwa pamoja kama maji ya debe lililopinduka. Alinisihi nikakataa. Walisema jenerali anakuja. Tulikaa kwa laini mpaka saa tisa, jua kali, videvu safi. Jenerali hakuja. Kesho yake ndiyo tulivuka mto. Aliniambia nikuletee, Mama, nikaogopa. Nimekaa na mtoto wako kwa meza kama mchawi. Nihukumu unavyotaka.

Nabwire alikaa, akafungua kopo, akafunua karatasi juu ya paja. Upepo ulikuwa mkali, na bila kuambiwa Kipyego alisimama, akatandaza koti lake kuukinga. Nabwire alichukua unywele mmoja, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa mwekundu kwenye ncha.

— Za baba yake, alisema. Nyekundu, tena chache. Alikuwa anazisifu huyo mzee, ungesema ni ng'ombe.

Akacheka, kicheko cha kweli, machozi yakimwagika juu yake. Kariakoo alivua kofia yake. Walikuwa wamesimama wote sasa, Murunga pia, mbele ya nywele kumi na tano, na hakuna paredi ya Keya iliyopata kusimama wima hivyo.

Nabwire alipomaliza kuzifunga aliuliza:

— Na huyo jenerali. Aliitwa nani?

Khisa alifungua kinywa. Aligundua, kwa mshangao ulioingia mpaka mifupani, kwamba hajui. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Alimgeukia Murunga mwenye mafaili yote ya dunia, na Murunga akatikisa kichwa polepole.

— Hamjui?

— Hatujui, Mama.

Nabwire alilitia kopo kifuani, akalifunika kwa leso. Alimtazama Khisa muda mrefu, akizitazama zile ndevu za miezi minane, na mkono wake ukazigusa kidogo, jinsi mtu anavyogusa mahindi kuona kama yamekomaa.

— Hizi ni za nani?

— Zake, Khisa alisema. Nilikosa pa kumlilia.

— Basi Jumamosi tutazika. Siku ya tatu tunanyolewa, mimi na wewe na wote wa nyumba.

Kwa mazoea tu mkono wa Khisa ulikuwa umeshaanza kukunja ule mkanda wa ngozi.

— Nije na wembe wangu, Mama?

— Wembe tunao, mwanangu. Wewe lete kidevu.